Kutakasa Mfumo wa Maji wa Kiwanda cha Dawa kwa Joto na Ozoni

Maji ya visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, ni magumu na yana chumvichumvi, na Dodoma si mji wa kuchezea maji. Kiwanda cha dawa kinachoua vijidudu kwa klorini hulazimika kusuuza mfumo wote kwa maji yaliyokwisha kutakaswa kwa gharama, ilhali kloridi inayobaki hula chuma kisichoshika kutu. Joto na ozoni, gesi inayoua vijidudu kisha ikageuka kuwa oksijeni, haviachi mabaki ya kusuuza, na ndiyo maana ninavipendekeza.

Shughulikia ugumu wa maji kabla ya yote. Maji yasiyolainishwa yakipashwa moto huacha magamba ya chokaa, na bakteria hujificha chini yake mahali ambapo hakuna dawa inayowafikia vizuri. Kagua pia matawi ya bomba yasiyopitisha maji: urefu wake usizidi mara 3 ya kipenyo, kwa kuwa maji yaliyotuama hulea utando wa bakteria.

Kwa njia ya joto, zungusha maji kwenye tangi na mabomba mpaka yafike nyuzi 80 za sentigredi, na upime kwenye bomba la kurudi au sehemu nyingine iliyothibitika kuwa baridi kuliko zote, wala si karibu na kipasha joto. Muda uliothibitishwa kwa mfumo wako uanze kuhesabiwa hapo tu, na kila valvu ya kuchotea ifunguliwe kidogo ili nayo ipate joto. Hakuna haja ya kuchemsha. Katika mwinuko wa Dodoma, unaozidi mita 1,100, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Jua la huku ni kali, hivyo paneli za kupashia maji zinaweza kubeba sehemu ya kazi hiyo na kupunguza mafuta ya boila.

Ozoni hufaa zaidi pale ambapo nishati ya kupasha ni ghali. Dumisha miligramu 0.02 hadi 0.2 kwa lita ndani ya tangi, kisha iharibu kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 254 kabla maji hayajafika kwenye uzalishaji. Unapotakasa mabomba, simamisha uzalishaji, zima taa, acha ozoni izunguke mpaka ionekane kwenye bomba la kurudi, kisha washa taa na upime hadi isionekane tena. Usiipitishe kamwe kwenye utando wa osmosisi kinyume (kichujio chembamba kinachozuia chumvi) wala kwenye resini (chembechembe zinazonasa madini ya maji), kwani itaviharibu. Mpira asilia nao hupasuka, kwa hiyo tumia gasketi za tefloni. Gesi yake hudhuru mapafu: chumba kiwe na feni ya kuitoa nje na king'ora.

Chukua sampuli kabla ya kazi, mara baada yake, na tena siku kadhaa baadaye, kwa kuwa utando wa bakteria ambao haukufa wote hurudi polepole. Kikomo cha maji yaliyotakaswa ni makoloni 100 (makundi ya bakteria yanayoota maabara kutokana na sampuli) kwa mililita, lakini weka kiwango chako cha tahadhari chini sana ya hapo, na idadi ikipanda mfululizo, fupisha muda kati ya utakasaji mmoja na mwingine huku ukitafuta tawi au gasketi inayoficha bakteria.