Profesa na Daktari mbele ya jina: upatanisho, herufi na vifupisho

Kinachowatatiza wengi ni umbo la maneno profesa na daktari. Wingi wa profesa ni maprofesa, wa daktari ni madaktari, sawasawa na majina ya ngeli ya LI-YA. Lakini yanataja watu, kwa hiyo upatanisho wake wote hufuata A-WA. Andika "Profesa Asha amewasili", "maprofesa wapya wamewasili", "daktari wetu yule". "Maprofesa mapya yamewasili" ni kosa, hata kama ma- inakuvuta huko. Mwenye cheo akiwa mtendewa, kiambishi chake kisidondoke kwenye kitenzi: "Nilimpelekea Profesa Asha tasnifu", si "Nilipelekea Profesa Asha tasnifu". Cheo chenyewe, kikitajwa bila mtu, huingia ngeli ya U: "Uprofesa wake umethibitishwa."

Cheo kikitangulia jina, kianze kwa herufi kubwa. Vivyo hivyo unapomwita mtu: "Karibu, Profesa." Kikifuata jina kama maelezo, herufi ni ndogo na koma ni mbili: "Asha Musa, profesa wa isimu, atafungua kongamano." Koma ya pili ndiyo husahauliwa, na bila hiyo maelezo hayana mwisho.

Vifupisho ni Prof. na Dkt. Wapo wanaoandika Dk.; chagua kimoja, ukitumie hadi mwisho wa andiko. Kifupisho hakisimami bila jina: "Dkt. Juma alisema" ni sawa, ila jina likikosekana andika "daktari alisema". Usiache Dkt. mwisho wa mstari na jina likaangukia mstari unaofuata. Kwa watu wawili rudia kifupisho: "Dkt. Asha na Dkt. Juma". "Madaktari Asha na Juma" ni sahihi kisarufi, lakini msomaji atadhani ni matabibu.

Usirundike vyeo. "Bw. Dkt. Juma" ipunguze iwe "Dkt. Juma". "Dkt. Juma Bakari, PhD" inataja shahada moja ya uzamivu mara mbili, kwa hiyo bakiza upande mmoja tu. "Prof. Dkt." ni desturi ya Wajerumani, kwetu Prof. inatosha. Profesa mshiriki naye huitwa Profesa mbele ya jina, na daraja lake kamili huja baadaye: "Prof. Asha Musa, profesa mshiriki wa fasihi". Mhadhiri mwandamizi ni daraja la kazi, likae nyuma ya jina.

Katika orodha ya marejeleo na marejeo ya ndani ya matini, vyeo vyote huondolewa: "Musa, A.", si "Prof. Musa, A."