Kabla ya Kumvisha Mwanariadha Kihisi

Kocha wa Nakuru au Kisumu anayekusudia kutumia vihisi, yaani vifaa vidogo vya kupima mwendo au mapigo ya moyo, mazoezini na aanze na swali moja, tena aliandike kabla ya kununua kifaa chochote. Anayetaka kujua kwa nini mkimbiaji wake wa mita 1,500 hulegea mzunguko wa mwisho hahitaji vipimo vile vile anavyohitaji mwenye mchezaji wa raga anayerejea uwanjani baada ya kuumia goti.

Swali ndilo huamua kasi ya upimaji, yaani kifaa kipime mara ngapi kwa sekunde. Mguu wa mkimbiaji hukanyaga ardhi kwa takriban milisekunde 200, na chini ya hapo akiongeza mbio, ilhali video ya simu yenye picha 30 kwa sekunde hunasa picha moja kila milisekunde 33. Hivyo mguu hutua na kuondoka ndani ya picha sita tu, na tofauti ndogo kati ya kushoto na kulia hupotea katikati. Picha 240 kwa sekunde hupunguza mwanya huo hadi milisekunde 4 hivi.

Kihisi nacho kifungwe barabara, kwani kikilegea, akselerometa, yaani kipima mchapuko kilicho ndani yake, hunakili mtikisiko wa kaptura badala ya mwendo wa mwili. Pahali kilipofungwa paandikwe daftarini: kifundo cha mguu hupokea mshtuko mkali kuliko kiuno, hata kama mwanariadha hakubadili hatua zake. Kwa mapigo ya moyo, mkanda wa kifuani huaminika kuliko saa ya mkononi, ambayo, nionavyo, wengi huinunua kwa kuonekana.

Linalopuuzwa zaidi huku kwetu ni mazingira. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru takriban 1,850. Hewa nyepesi ya Nakuru huupandisha mpigo wa moyo kwa kasi ile ile ya mbio, lakini joto na unyevu wa Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, navyo huupandisha, kwa hiyo namba za mji mmoja zisitumiwe kumhukumu mtu katika mwingine. Vikusanywe kwanza vipimo vya msingi, yaani vya kulinganishia baadaye, vya wiki kadhaa, katika uwanja ule ule, saa ile ile na viatu vile vile.

Ridhaa isisahaulike. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 ni mzazi au mlezi anayeridhia. Karatasi ya ridhaa itaje pia nani atakayeziona namba, maana kijana anayejua kwamba zitawafikia wateuzi wa timu huenda asikimbie kama akimbiavyo siku zote.