Jinsi ya Kuandika Daftari la Msimu wa Kombe la Shirikisho Afrika

Msimu wa Kombe la Shirikisho Afrika huchukua miezi mingi, huvuka mipaka ya nchi nyingi, na mara kwa mara huamuliwa na bao moja lililofungwa wiki moja kabla katika mji mwingine. Shabiki anayeutegemea ubongo wake peke yake hufika kwenye mechi ya marudiano akiwa anauliza jirani yake, "Hivi sisi tunahitaji ngapi?" Dawa yake ni daftari. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuliandaa na kulijaza, na mfano tutakaoutumia ni safari ya Yanga, klabu ya Dar es Salaam, ya msimu wa 2022/23, kwa sababu karibu kila kanuni ya mashindano haya ilijitokeza ndani ya msimu huo mmoja.

Kazi huanza kabla ya mpira kuguswa. Ukurasa wa kwanza uwe wa kanuni, nawe uzisome upya kila msimu, kwani CAF, wasimamizi wa soka la Afrika, hubadilisha muundo bila kungoja tuzoee ule wa zamani. Andika timu inayotolewa Ligi ya Mabingwa inakwenda wapi, makundi ni mangapi, sare ya jumla inaamuliwaje, na fainali ni mechi moja au mbili. Katika msimu wa mfano wetu, timu zilizopoteza raundi ya pili ya awali ya Ligi ya Mabingwa ziliangukia kwenye mchujo wa Shirikisho. Yanga iliiondoa Zalan ya Sudan Kusini, ikatolewa na Al Hilal ya Omdurman kwa sare ya 1-1 nyumbani na kipigo cha 1-0 Sudan, kisha ikaingia mchujo dhidi ya Club Africain ya Tunisia. Fainali nayo, ambayo kwa misimu mitatu iliyotangulia ilikuwa mechi moja, ilirudishwa kuwa ya nyumbani na ugenini. Aliyefungua daftari lake kwenye Shirikisho tu alikosa sura nzima ya mwanzo.

Kurasa zinazofuata zichorwe safu saba: tarehe, mji na uwanja, mwenyeji, matokeo, wafungaji, jumla ya mabao ya mikondo yote miwili (mechi ya kwanza na ya marudiano), na safu ya mwisho, iliyo muhimu kuliko zote, inayosema timu inahitaji nini katika mechi inayofuata. Usiunganishe safu ya mwenyeji na ile ya uwanja. Mechi zote mbili za Yanga na Zalan zilichezwa Dar es Salaam, lakini kwenye mkondo mmoja Zalan ndiyo iliyokuwa mwenyeji kwa mujibu wa karatasi, na bao la ugenini, linaloamua mshindi pale jumla ya mabao inapolingana, huhesabiwa kwa kufuata karatasi hiyo. Vilevile, Simba ilipocheza fainali ya marudiano dhidi ya RS Berkane mwezi Mei 2025, ilikuwa mwenyeji katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar, na si kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, kama wengi walivyozoea.

Saa nayo iandikwe kwa saa zetu. Algeria na Tunisia wako nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili, Mali kwa saa tatu, Lubumbashi na Afrika Kusini kwa saa moja. Mechi inayoanza saa mbili usiku Algiers kwetu ni saa nne usiku, na kuna watu wazima waliowahi kufika kibandani saa mbili kamili wakakuta televisheni inaonyesha tamthilia.

Katika hatua ya makundi, tenga ukurasa mzima kwa kundi zima, si kwa timu yako pekee, maana msimamo wako hutegemea pia mechi usizocheza. Yanga ilipangwa Kundi D pamoja na US Monastir ya Tunisia, TP Mazembe ya Congo na Real Bamako ya Mali. Ilianza kwa kufungwa 2-0 na Monastir ugenini, ikaifunga Mazembe 3-1 Dar es Salaam, kisha ikatoka sare ya 1-1 Bamako. Baada ya mechi tatu ilikuwa na pointi 4, na katika hali kama hiyo safu ya mwisho haipaswi kuandikwa "tushinde zote", kwa sababu hilo ni ombi, si hesabu. Andika mechi zilizobaki, ipi ni ya nyumbani, na pointi ambazo mpinzani wa karibu anaweza kufikisha. Yanga ilizifunga Real Bamako na Monastir 2-0 kila moja nyumbani, ikamalizia kwa ushindi wa 1-0 Lubumbashi, na kufikisha pointi 13.

Monastir nayo ilikuwa na pointi 13. Hapa wengi hukimbilia tofauti ya mabao ya kundi zima, na hapo ndipo hukosea, kwa kuwa CAF hutazama kwanza timu zilizolingana pointi zilipokutana zenyewe. Kwa hiyo, pembeni ya jedwali la kundi weka kijisanduku cha matokeo ya timu mbili mbili. Yanga na Monastir zilikuwa zimefungana 2-0 kwa 2-0, kijisanduku hakikutoa mshindi, na ndipo hesabu za mabao ya kundi zima zikaiweka Yanga juu. Nafasi hiyo haikuwa pambo, maana kinara wa kundi humalizia robo fainali nyumbani. Yeyote anayedhani kipigo kikubwa ugenini humaliza msimu akumbuke Simba ya 2018/19, iliyofungwa 5-0 na AS Vita, 5-0 na Al Ahly, na 2-0 na JS Saoura, lakini ikashinda mechi zake zote tatu za nyumbani na kutinga robo fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa pointi 9. Ule usemi wa "kwa Mkapa hatoki mtu" ulikuwa na hesabu nyuma yake.

Ukifika hatua ya mtoano, badilisha namna ya kuandika. Mikondo miwili sasa ni mechi moja ya dakika 180, hivyo iandikwe kwenye mstari mmoja. Ulaya waliliondoa bao la ugenini mwaka 2021, na shabiki anayetazama mashindano yote mawili huchanganya kwa urahisi, lakini katika msimu wetu wa mfano CAF ilikuwa bado inalitumia. Linganisha timu zetu mbili mwaka uleule wa 2023. Simba iliifunga Wydad 1-0 Dar es Salaam katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikafungwa 1-0 Casablanca. Jumla ikawa 1-1, hakuna aliyefunga ugenini, mikwaju ya penalti ikapigwa na Wydad ikapita kwa 4-3. Yanga yenyewe ilipita robo kwa kuifunga Rivers United 2-0 kule Uyo na kutoka suluhu nyumbani, ikaitoa Marumo Gallants kwa 2-0 nyumbani na 2-1 ugenini, kisha ikakutana na USM Alger katika fainali.

Mkondo wa kwanza, tarehe 28 Mei, USM Alger ilishinda 2-1 Dar es Salaam. Usiku huo ndio wa kukaa na kalamu. Andika matokeo yanayowezekana katika marudiano, moja baada ya jingine, na mbele ya kila moja andika hatima yake. Sare yoyote: tumekosa. Ushindi wa 1-0: jumla 2-2, lakini wao wana mabao mawili ya ugenini nasi tuna moja, tumekosa. Ushindi wa 2-1: jumla 3-3, ugenini mawili kwa mawili, penalti. Ushindi wa 3-2: jumla 4-4, ugenini sisi matatu, wao mawili, kombe letu. Ushindi wa tofauti ya mabao mawili au zaidi: kombe letu bila mjadala. Ukishaandika hivyo utaona jambo linaloshangaza kidogo, kwamba Yanga iliyokuwa ikiongoza 1-0 Algiers bado ilikuwa inapoteza, na kwamba kufungwa bao moja kisha kurudisha kungeiacha mahali pazuri zaidi kuliko kulinda lango. Tarehe 3 Juni Djuma Shabani alifunga kwa penalti mapema kipindi cha kwanza, matokeo yakabaki 1-0, na USM Alger ikabeba kombe.

Kazi ya mwisho hufanywa siku chache baadaye, machungu yakishapoa. Gawa mechi zote katika mafungu mawili, nyumbani na ugenini, na jumlisha. Ukiziweka kando zile mbili za Zalan, Yanga ilicheza nane ugenini ikashinda tano, kule Tunis, Lubumbashi, Uyo, Rustenburg na Algiers, ikatoka sare moja na kufungwa mbili. Nyumbani ilicheza nane pia, ikashinda nne, sare tatu, na kufungwa moja tu. Hiyo moja ndiyo ya tarehe 28 Mei.