Kuirudisha sauti ya mwalimu kwa mrija, maji na herufi M

Walimu wengi wanaofika kliniki kwangu wameshamaliza tangawizi, asali na pipi za mnanaa huku sauti ikiendelea kukwaruza, na si ajabu, kwa kuwa kinachomezwa hupita kwenye umio wala hakizigusi nyuzi za sauti. Kinachopaswa kubadilika ni namna nyuzi hizo zinavyotumika.

Hatua ya 1. Ikiwa sauti imekwaruza kwa zaidi ya wiki 4, mwone kwanza daktari wa masikio, pua na koo azitazame nyuzi zako kwa kamera, kwa sababu kinundu cha kawaida na uvimbe wa hatari huweza kutoa mkwaruzo uleule. Ukikohoa damu, ukimeza kwa shida au ukipumua kwa mlio, usingoje wiki hizo.

Hatua ya 2. Vuta pumzi, toa “sss” mpaka iishe, kisha pumzika na utoe “zzz”, ukihesabu sekunde za kila moja. Kwa kawaida muda hukaribiana, maana tofauti kubwa ya sauti hizi mbili ni kwamba “zzz” hutetemesha nyuzi. Ukipata 20 kwa “sss” na 12 tu kwa “zzz”, huenda nyuzi hazifungi vizuri na pumzi inavuja. Ziandike namba hizo.

Hatua ya 3. Zamisha mrija sentimita 2 hadi 3 ndani ya glasi ya maji, ubane kwa midomo, kisha toa “uuu” kupitia mrija huo mapovu yakitoka mfululizo. Maji husukuma shinikizo kurudi kooni, na shinikizo hilo huzifanya nyuzi zitetemeke bila kugongana kwa nguvu. Fanya hivyo kwa dakika 2 au 3, mara kadhaa kwa siku, ukipandisha na kushusha sauti kama king'ora. Shingo ikichoka, unalazimisha. Punguza kina cha mrija.

Hatua ya 4. Hapa Kiswahili kinatubeba. Mifano niliyofundishiwa ilikuwa ya Kiingereza, ilhali sisi tuna “m” inayosimama yenyewe kama silabi. Ivumishe mpaka midomo na pua vitekenyeke, kisha iachie ndani ya neno: mmmmea, mmmmoja. Mtetemo ukishuka kooni, anza upya. Ukizoea, ingia katika sentensi: “Mama mmoja ana mwana mmoja,” halafu zile za darasani, kama “Nani amemaliza?”, ambayo imejaa sauti za puani na kwa hiyo ni zoezi tosha.

Hatua ya 5. Mbele ya wanafunzi 80, ita utulivu kwa makofi, usizungumze ukiwa umeelekea ubao, na mvua ikipiga bati wape kazi ya kuandika. Usijitetee kwa kunong'ona, kwani kunong'ona kwa nguvu nako huchosha koo.

Baada ya wiki 6 rudia kipimo cha hatua ya 2, saa ileile ya siku, na umpelekee mtaalamu wako wa sauti namba za mara zote mbili.