Karthala: maji ya kurudia yaache njiani

Ukipanda Karthala, mlima wa volkano kule Ngazidja, kisiwa cha Komoro, na unarudi kwa njia ileile, usibebe maji yote hadi juu. Acha chupa moja pale msitu unapoanza kuisha, na nyingine juu zaidi kwenye vichaka, uzichukue wakati wa kushuka. Mlima una mita 2,361 na hakuna kijito cha kuchota: mwamba wa volkano umejaa matundu, mvua ikinyesha inazama papo hapo. Wenyeji wenyewe hutegemea matangi ya maji ya mvua, na mlipuko wa 2005 ulipomwaga majivu, mengi yalichafuka. Basi kila tone unalibeba mgongoni, na lita moja ni kilo nzima.

Chupa iweke kivulini, ibane kwa jiwe, kisha piga picha yenye kitu kisichohama, kama mti uliopinda au jabali. Alama ya kwenye ramani ya simu pia weka, ila mimi naamini picha zaidi. Ukungu ukishuka, vichaka vyote hufanana.

Mbinu hii haifai kama unapandia kijiji cha Mvuni na kushukia upande mwingine, kwa hiyo muulize kiongozi wako kabla ya kuficha chochote. Wala usiache yote: kule kwenye kreta, yaani mdomo wa volkano, hakuna kivuli, ni kokoto nyeusi tupu, na lita mbili huisha upesi kuliko unavyodhani. Chupa tupu shuka nazo.