Kasumbalesa hadi Livingstone kwa makuta (pesa) kidogo: mambo ya kuzingatia kabla ya kutoka Lubumbashi

Kuivuka Zambia kutoka kaskazini hadi kusini ni karibu kilomita 900 kuanzia Kasumbalesa, mpaka wa Kongo na Zambia. Njia haina utata: Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Kabwe, Lusaka, Mazabuka, Choma, kisha Livingstone. Ni lami, na mabasi ni mengi, hivyo nauli siyo inayomaliza mfuko. Kinachoumaliza ni kufika usiku katika mji usioujua: teksi inataka bei yake, nyumba ya wageni ya bei nafuu imeshajaa, na unalala palipobaki. Kwa hiyo panga saa kwanza, ndipo upange pesa.

Sheria ya mwaka 2016 ilizuia mabasi ya abiria kutembea kati ya 21:00 na 5:00. Usihesabu kulala ndani ya basi ili kuokoa pesa ya chumba. Ukitoka Lubumbashi alfajiri, ukavuka mpaka na kufika Kitwe saa sita au saa saba mchana, utashawishika kuunganisha moja kwa moja hadi Lusaka. Usifanye hivyo. Kipande hicho huchukua saa tano au sita, na zaidi pale ujenzi wa kupanua barabara ya Ndola–Lusaka unaposimamisha magari. Giza litakukuta njiani. Lala Kitwe, panda basi la kwanza asubuhi, uingie Lusaka mchana. Lusaka hadi Livingstone ni siku nyingine, saa sita au saba, nayo ianze asubuhi vilevile. Siku tatu za kushuka zenye vitanda viwili vya bei ya kawaida ni nafuu kuliko siku mbili za kukimbizana.

Karatasi zishughulikiwe mwezi mzima kabla. Pasipoti iwe na miezi sita mbele na kurasa tupu. Karatasi ya kuvuka mpaka kwa siku moja haikufikishi Lusaka. Masharti ya viza hubadilika, hivyo yaulize kwenye konsulati ya Zambia hapo Lubumbashi, siyo kwa dereva. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa wiki ya safari ni kazi bure. Tangu Julai 2016 kadi hiyo hudumu maisha yote, hata kama ya zamani imeandikwa miaka 10. Jambo linalowakwamisha wengi ni jina: likiwa kwenye kadi tofauti na kwenye pasipoti, hata kwa herufi moja, lirekebishwe nyumbani. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe barua ya mzazi wa pili iliyothibitishwa na ofisi.

Kwenye dirisha la uhamiaji upande wa Zambia, omba siku za safari yako pamoja na tatu za ziada. Ukirudishiwa pasipoti, usiifunge. Soma muhuri papo hapo: tarehe, na idadi ya siku ambayo mara nyingi huandikwa kwa kalamu pembeni. Kosa likigunduliwa hapo dirishani linasahihishwa kwa dakika moja. Likigunduliwa Livingstone linakuwa faini.

Sasa pesa. Sisi tumezoea dola kupokelewa hadi kwenye duka la mtaa. Kule basi, chumba na chakula hulipwa kwa kwacha. Mpakani badilisha kiasi cha kukufikisha Kitwe na kulala tu, mengine yangoje ofisi ya kubadilisha pesa mjini. Uliza bei kwa watu watatu kabla ya kutoa chochote. Piga hesabu kwa simu yako, siyo kwa kikokotoo cha kambiste, yaani mbadilisha pesa. Kwacha zihesabu noti moja moja, ukizikunjua, kwa sababu noti iliyokunjwa katikati huhesabiwa mara mbili. Akizichukua tena “kuhakikisha”, anza kuhesabu upya. Noti mpya zilianza kutolewa Machi 2025, zikiwemo za 200 na 500, kwa hiyo kataa za zamani. Franka zetu haziendi mbali na mpaka. Dola zako ziwe safi, zisizochanika.

Gawa bajeti hivi: nauli ya kurudi kwanza, isiguswe, kisha vitanda, chakula, na robo nzima ya akiba. Chakula hakitakusumbua, kwani nshima ni bukari (ugali) ileile, na kapenta, dagaa wadogo, unaijua. Kibemba kitakusaidia hadi Kabwe. Lusaka watu husema Kinyanja, na Livingstone Kitonga na Kilozi. Tiketi kata kwenye dirisha la kampuni, siyo kwa mpiga debe, hasa kituo kikuu cha Lusaka kwenye barabara ya Dedan Kimathi, na usome tarehe na saa kabla ya kuondoka.

Dawa zibaki kwenye maboksi yake pamoja na karatasi ya daktari. Dawa za mafua na mzio zenye diphenhydramine zimewahi kuwaweka wasafiri mikononi mwa polisi wa dawa za kulevya. Chaja iwe na adapta ya vichwa vitatu vya mraba. Magari hupita kushoto: tazama kulia kwanza kabla ya kuvuka.

Msimu nao una bei yake. Oktoba na Novemba maji ya Mosi-oa-Tunya, maporomoko ya Victoria hapo Livingstone, hupungua sana, na upande wa Zambia unaweza kulipia mlango ukatazame mwamba mkavu. Machi hadi Mei maji ni mengi mno, ukungu unafunika kila kitu na unalowa hadi mfukoni. Juni hadi Agosti ndiyo wakati tunaoupendekeza, ila beba sweta, maana usiku ni baridi kweli. Na kabla ya kuvuka daraja kwenda kuyaona kutoka Zimbabwe, angalia viza yako: ya kuingia mara moja huishia hapo.

Kwacha zitakazobaki zibadilishe upande wa Zambia kabla ya kugonga muhuri wa kutoka, kwa sababu Lubumbashi utapata bei mbaya.