Ukialikwa mkutano wa mradi, anza na karatasi ya mahudhurio

Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi hapa Lamu, na mikutano ya kupunguza umaskini niliyokalia sihesabu tena. Ukifika tu unapewa chupa ya maji, kalamu na karatasi ya kutia sahihi. Soma kichwa chake. Kama hakina, kiandike mwenyewe kwa kalamu hiyo hiyo: "Mahudhurio tu", na tarehe. Kisha ipige picha. Orodha ya majina isiyo na kichwa huweza kubandikwa chochote baadaye, hata "wananchi wamekubali". Mnakumbuka mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi, hapa Lamu: Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo ule, sababu mojawapo wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na mikutano ilikuwa imefanyika!

Posho chukua. Wenzangu wengine husema inafunga mdomo; wangu haujafungika.

Atakuja kijana na tableti akuulize wiki iliyopita ulitumia shilingi ngapi. Mwambie aandike kwanza ni mwezi gani. Msimu wa upepo wa kaskazi bahari imetulia, tunatoka. Juni kusi inavuma, dau liko mchangani na tunakula kwa mkopo wa dukani. Nyumba hiyo hiyo Februari inajiweza, Juni ni maskini. Asiondoke kabla hajaliandika hilo. Hata mstari wenyewe wa umaskini, kiwango ambacho chini yake unahesabiwa maskini, huhama: Benki ya Dunia iliuweka dola 1.90 kwa siku mwaka 2015, ikaja 2.15 mwaka 2022, na Juni 2025 ikawa 3. Sufuria yangu haikupata habari.

Mradi ukitangazwa, simama uulize: kitu mnacholeta kikiharibika, nani atatengeneza, kwa pesa ipi? Sisi hatukuuliza. Tuliletewa friza kubwa, nyeupe, na bango la mfadhili, wakati umeme wetu ulikuwa sola za taa tu. Mgeni rasmi akafungua mfuniko, akapigwa picha, akafunga. Bila shaka iliandikwa mahali kwamba tumejengewa uwezo. Barafu tuliendelea kununua mjini. Siku hizi friza inahifadhi nyavu, maana panya hawaitoboi. Kwa hilo nashukuru.

Bajeti ya mradi wa serikali iombe kwa barua. Sheria ya Kenya ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Mfadhili wa nje yeye muulize pale pale mkutanoni, na jibu lake liingie kwenye kumbukumbu neno kwa neno. Kisha dai kumbukumbu hizo zisomwe kwa sauti kabla chakula hakijaletwa. Pilau ikishanukia, hata mimi katibu siwezi kusikiliza.